Mwanga Ukizidi Nguvu

Shuleni tulifundishwa kwamba mwanga ukipenya kioo hupinda na hufifia, lakini rangi yake haigeuki: mwekundu ukiingia, mwekundu hutoka. Kanuni hiyo ni sahihi kwa mshumaa, taa na jua, na sababu yake haina heshima kubwa: vyote vitatu ni dhaifu.

Jua la saa sita mchana, lile linalotukimbiza kivulini, huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Uga wake wa umeme haufiki volti 1,000 kwa mita. Ndani ya atomu, uga unaoishikilia elektroni huhesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya volti kwa mita. Elektroni ikiguswa na nguvu ndogo kama hiyo ya jua hutikisika kwa kipimo kilekile ilichosukumwa, kama springi iliyovutwa kidogo. Leza iliyokusanywa kwenye nukta moja huvuta zaidi. Uwiano huvunjika, na elektroni hutoa masafa, yaani rangi, ambayo haikupewa.

Mwaka 1961, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza leza ya rubi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, kwenye fuwele ya kwatzi. Kwa mbali sana, ukatoka pia mwanga wa nanomita 347: nusu ya urefu wa wimbi, yaani masafa maradufu. Ushahidi ulikuwa doa dogo kwenye bamba la picha. Makala yao yalipochapishwa, mshale ulikuwepo, doa halikuwepo: inasimuliwa kwamba mwandaaji wa picha alilidhani uchafu akalisafisha. Usafi nao una hasara zake.

Kwatzi ilifaa kwa sababu atomu zake hazikujipanga sawasawa pande zote. Kioo cha kawaida hakizidishi masafa maradufu, ila nacho hakitulii: mwanga mkali hukifanya kiupinde zaidi, miale ikajikusanya yenyewe hadi kukitoboa.

Leo uzidishaji huo wa masafa upo mfukoni. Leza nyingi za kijani za kuonyeshea ubaoni huanza na mionzi ya infraredi ya nanomita 1,064, kisha fuwele huigeuza kuwa kijani cha 532. Si yote hugeuka; inayosalia yapaswa kuzuiwa na kichujio. Watengenezaji wa bei rahisi wakati mwingine hukiacha. Jicho haliioni infraredi, kwa hiyo halifumbi. Usimnunulie mtoto leza hiyo iwe mchezo.