Usanifu wa Jalada la Albamu kwa Bendi Huru za Bukoba na Muleba

Makala haya yanafafanua usanifu wa jalada la albamu kwa bendi huru za Bukoba na Muleba, yaani bendi zinazojigharimia kurekodi na kusambaza kazi zake. Hoja kuu ni kwamba kazi ya kwanza ya jalada la bendi kama hizi ni kuhifadhi jina la bendi na majina ya wanabendi pale muziki unaposafiri bila wao. Urembo hufuata baadaye.

Suala la jina lina historia mkoani Kagera. Saida Karoli, mwimbaji maarufu wa nyimbo za Kihaya, alivuma nchini kote kuanzia mwaka 2001 kwa wimbo "Maria Salome", ambao hujulikana pia kama "Chambua kama Karanga". Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutoa upya kwa jina la "Salome". Wimbo mmoja, majina matatu. Msanii mwenye umaarufu wa Saida Karoli haathiriki sana na hali hiyo. Bendi changa ya Kamachumu hupotea kabisa. Kwa hiyo msanifu huanza kwa kuuliza iwapo msikilizaji wa Morogoro ataweza kulisoma jina la bendi, kulitamka na kulitafuta. Hii si hoja ya kukiondoa Kihaya: majina ya nyimbo yanaweza kubaki katika Kihaya, yakifuatwa na ufafanuzi mfupi wa Kiswahili.

Suala la pili ni umbo. Karatasi ya kaseti ilikaa ndani ya kasha la takribani sentimita 11 kwa 7, nayo ilisimama wima. Kijitabu cha CD kilikuwa mraba wa sentimita 12 hivi. Leo jalada ni mraba uleule, lakini kwenye orodha ya nyimbo katika simu huonekana dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa aibu. Katika jalada alilosanifia kikundi kimoja cha Muleba, aliweka picha nzima ya enanga, ala ndefu ya nyuzi, juu ya kitambaa cha gome la mti, na jina la kikundi likaandikwa kwa herufi nyembamba za kahawia. Kwenye kompyuta lilipendeza. Kwenye simu enanga ilionekana kama ubao, na jina halikusomeka. Katika jalada la pili zilibaki nyuzi na vidole vya mpigaji tu, na jina likaandikwa kwa herufi nene nyeupe. Kanuni iliyotokana na kosa hilo ni nyepesi: jalada lipunguzwe hadi udogo wa stempu ya posta kabla halijaidhinishwa.

Hata hivyo, jalada linalosomeka bado linaweza kuachwa njiani. Vibandani, nyimbo hurushwa kwenye memori kadi faili kwa faili. Pengine wimbo humfikia msikilizaji ukiitwa "Track 03" tu. Faili la MP3 lina sehemu ya ndani ya kuhifadhi jina la bendi, la wimbo, mwaka na picha ya jalada. Kuijaza sehemu hiyo, pamoja na jina la faili lenyewe, ni sehemu ya usanifu, ingawa wasanifu wengi huiona kazi ya fundi wa studio.

Kinachopotea zaidi ni upande wa nyuma. Kwenye kaseti na CD ndipo walipoandikwa wapiga ngoma, waitikiaji na mtunzi. Mraba wa simu hauna nyuma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua pia haki za watendaji, si za mtunzi pekee, na mpiga ngoma asiyeandikwa popote atapata taabu kuthibitisha kwamba alishiriki. Inapendekezwa basi kwamba kila albamu iandamane na ukurasa mmoja wenye majina yote na kazi ya kila mmoja, utiwe saini na wanabendi wote siku ya kurekodi, kabla fedha haijaanza kuingia, na kila mmoja abaki na nakala yake.