Swichi ya HDMI Haili Picha

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeinama nyuma ya tivii ya mteja mmoja huko Kangemi, Nairobi, nikimfungia swichi ya kuchomeka vifaa kadhaa kwenye tivii hiyo, simu yenye tochi nimeing'ata mdomoni, aliponiuliza lile swali. "Fundi, hii swichi haitanilia picha?" Nikatoa simu mdomoni, nikamwambia haitamlia. Akanyamaza kidogo, akaingia chumbani, akarudi na boksi jeusi lililofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na kebo nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, ncha zote mbili zikimeremeta. Ya dhahabu. Muuzaji wa Luthuli Avenue alikuwa amemweleza kwamba swichi hupunguza nguvu ya picha, na dawa yake ni kebo hiyo, inayorudisha kilicholiwa. Alilipa shilingi 3,500. Swichi yenyewe alikuwa ameinunua kwa 1,200.

Swali hilo nimeulizwa Kawangware, nimeulizwa Lavington kwenye sebule yenye tivii kubwa kuliko kitanda changu, na nimeulizwa na mwenye kibanda cha mpira pale Uthiru. Naliandikia leo ili atakayeniuliza tena nimpe makala asome huku nikimalizia kazi yangu.

Dhana yenyewe najua ilikotoka. Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwaka wa 1962, mtambo wa kurushia ukiwa Limuru, na kwa miaka zaidi ya hamsini tuliishi na picha za analogi. Aliyekulia upande huu wa mji anakumbuka: mmoja juu ya paa ameshika mlingoti wa eriali, mwingine dirishani, wa tatu mbele ya kioo. "Geuza! Kidogo tena! Hapo hapo! Aa, umepita!" Mawimbi yakidhoofika, picha ilidhoofika nayo. Chengachenga ziliongezeka kidogo kidogo hadi msomaji wa habari akawa kivuli. Waya mbaya, picha mbaya. Waya bora, picha bora kidogo. Hata zile kebo za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zilifuata sheria hiyo. Kila kiungo ulichoongeza katikati kilikula kitu, na aliyesema hivyo wakati ule alisema kweli.

Mitambo ya analogi ilizimwa mwaka wa 2015. Tulinunua ving'amuzi, tukang'oa eriali za zamani, lakini fikra ile hatukuing'oa.

Ndani ya kebo ya HDMI hamna picha. Mna tarakimu, sifuri na moja, mabilioni kila sekunde, na tivii inazisoma na kuichora picha upya. Chukua ujumbe wa M-Pesa. Ukitumiwa shilingi 500 na mtandao ukawa dhaifu, hupokei shilingi 500 zilizofifia rangi. Ujumbe unafika au haufiki. Tarakimu ikisomeka kuwa moja, ni moja, hata kama ilifika imechoka. Swichi ni lango tu linalochagua ni kifaa kipi kipite sasa, na tarakimu zinatoka upande wa pili zile zile zilizoingia. Haifinyi picha, haigusi rangi.

Kebo au swichi ikishindwa kweli, utaona vidoti vyeupe vikimetameta, au kioo kitakuwa cheusi kwa sekunde mbili kisha picha irudi, au hutapata picha kabisa. Sura za watu kuwa hafifu, kijani kuwa kama majani ya kiangazi, hilo si kosa la kebo. Chukua rimoti uangalie mipangilio ya rangi kabla ya kutoa pochi.

Sasa tuje kwenye dhahabu yenyewe. Ile uliyoonyeshwa dukani imepakwa kwenye ganda la nje la plagi. Picha haipiti kwenye ganda. Inapita kwenye pini 19 zilizo ndani, ambazo usingeziona bila kuchungulia, na hizo hupakwa utando mwembamba wa dhahabu hata kwenye kebo nyingi za bei ya chini. Faida ya utando huo ni moja: dhahabu haishiki kutu. Mtu wa Mombasa mwenye nyumba inayopigwa na upepo wa chumvi anisikie hapo. Nairobi hatuna bahari, na plagi ikishachomekwa nyuma ya tivii inakaa humo miaka bila kuguswa. Ati dhahabu inarudisha kilicholiwa! Waya haujui rangi ya jezi ya Gor Mahia, utairudishaje?

Kilichoniuma zaidi kwa yule wa Kangemi ni tivii yenyewe. Inchi 32, na kioo chake kina pikseli 1,366 kwa 768, kama tivii nyingi za ukubwa huo zinazouzwa mjini. Boksi la kebo liliandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. 4K ni pikseli 3,840 kwa 2,160. Ni sawa na kununua tangi la lita elfu kumi ukalijaze kwa kikombe.

Kama huniamini, jaribu mwenyewe. Simamisha mchezo wa PlayStation kwenye ukurasa wenye maandishi madogo, uipige picha tivii ukiwa umechomeka moja kwa moja. Kisha pitishia kwenye swichi, upige tena ukiwa pale pale. Mpe jirani picha hizo mbili akwambie ipi ni ipi. Yule wa Kangemi alikosea, na mkewe pia.

Nikubali jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, labda kwa sababu halina dhahabu. Swichi ya toleo la 1.4 inapitisha 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, basi. Ukiwa na PS5 na tivii ya 4K kweli, picha itapunguziwa fremu au ukali. Hapo tafuta swichi ya 2.0, inayopitisha gigabiti 18 kwa sekunde na kukupa fremu 60. Ukitaka 120, ni 2.1 pekee. King'amuzi cha kawaida na PS4 ya kawaida havizidi 1080, kwa hiyo hiyo 1.4 inawatosha wengi wenu.

Mengine nayasema haraka. Swichi huunganisha vifaa vingi kwa tivii moja; king'amuzi kimoja kwa tivii mbili ni kazi ya splita, na ukiigeuza splita nyuma mbele haitakuwa swichi. Nunua yenye kitufe na rimoti. Zile zinazojihamisha zenyewe zitakuhamishia king'amuzi katikati ya penalti, kwa sababu king'amuzi kilicholala kinaweza kuamka bila kukuuliza. Chagua yenye tundu la umeme wa USB: isiyo nalo hunyonya umeme wa kifaa chenyewe, na kifaa kinalazimika kutoa miliampea 55 tu, ndiyo maana swichi nyingine huwaka kwa PlayStation na kukataa kwa laptopu. Saundibaa isipite kwenye swichi. Ichomeke kwenye tivii, kwenye tundu lililoandikwa ARC. Kebo ziwe fupi, mita moja au mbili. Mwenye kibanda cha mpira anayevuta mita 15 hadi kwenye projekta anahitaji kebo iliyotengenezwa kwa umbali huo, na hapo ndipo pesa zinapostahili kwenda. Ukiwa dukani, mwambie muuzaji aiwashe swichi mbele yako na ujaribu kila tundu.

Yule mteja nilimfungia kebo iliyokuja na king'amuzi chake. Ya dhahabu nikairudisha kwenye boksi na utepe wake. Na wewe kama uliuziwa, na risiti bado unayo, irudishe kesho asubuhi.