Kizuri chajiuza, hata kwenye LinkedIn

Wafanyabiashara wa mitaa ya Kongo na Msimbazi, Kariakoo, wamezoea wapiga debe. Siku hizi kelele zimehamia pia LinkedIn, mtandao wa wanataaluma uliofunguliwa Marekani mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2.

Humo, mwenye meza moja ya simu hujiita Mkurugenzi Mtendaji. Aliyehudhuria semina ya siku moja hujitangaza mshauri wa kimataifa. Ukikubali ombi lake la kufahamiana, hata salamu hamjamaliza, umeshaletewa bei.

Kero hii ina gharama. Kariakoo wengi huishi kwa mali kauli: unapewa mzigo leo, unalipa ukishauza. Dhamana yake ni jina, nalo hujengwa kwa kulipa kwa wakati, si kwa cheo cha kujipachika.

Mwekezaji mdogo, kabla hujatoa fedha, hakiki usajili wa kampuni BRELA, fika dukani, uliza majirani. Nawe unayejitangaza, taja unachouza, bei na mtaa ulipo. Inatosha. Kibaya ndicho kinachojitembeza.