Dhamana Isizuiwe Milele

Mtuhumiwa wa mauaji wilayani Ngara au Biharamulo, Tanzania, hufikishwa kwa hakimu asiye na mamlaka ya kumpa dhamana. Kesi husubiri Mahakama Kuu. Kila tarehe ya kesi, mtuhumiwa husikia maneno yale yale: upelelezi haujakamilika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inazuia dhamana kwa kosa hilo, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uhalali wa zuio hilo. Wapo wanaohofia kwamba mtuhumiwa wa Ngara atavuka mpaka kuingia Rwanda au Burundi. Hofu hiyo ina msingi, ila wadhamini wa kuaminika na kuripoti polisi huipunguza. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya hatia yake kuthibitika. Bunge liweke ukomo: upelelezi ukichelewa mno, jaji aruhusiwe kupima dhamana.