Ndani ya Dunia Kuna Nini?

Tarehe 10 Septemba 2016, karibu saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Nyumba nyingi zilianguka na watu walikufa. Wazee walisimulia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, naye akichoka huihamishia pembe ya pili. Ni hadithi tamu. Lakini ndani ya dunia kuna nini hasa?

Kuchimba hakutoshi. Huko Kola, nchini Urusi, wataalamu walianza kutoboa shimo mwaka 1970. Mwaka 1989 walifika mita 12,262. Joto lilifika nyuzi 180, wakashindwa kuendelea. Kumbe kutoka hapa tunapokanyaga hadi katikati ya dunia ni kilometa 6,371! Shimo lile ni kama kumkwaruza tembo ngozi.

Basi wamejuaje? Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole. Kwa sauti hujua kama kina ufa, bila kukivunja. Tetemeko nalo huigonga dunia. Mitikisiko yake hupita ndani kwa ndani na kutokea nchi za mbali, ambako vyombo huiandika. Aina moja ya mtikisiko haipiti katika kitu cha majimaji. Wataalamu waliona kuwa mtikisiko huo hauvuki sehemu ya ndani ya dunia. Wakatambua kuwa huko kuna chuma kilichoyeyuka. Mwaka 1936 mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, alichunguza maandishi ya vyombo hivyo. Akagundua kwamba katikati kabisa kuna kiini kingine. Baadaye ilijulikana kuwa hicho ni chuma kigumu. Kina moto mkali, lakini kimebanwa mno hata hakiyeyuki.

Kati ya chuma hicho na ganda la juu kuna mwamba wa moto. Si uji, kama wengi wasemavyo. Ni mgumu, ila husogea polepole sana, na mapande ya ganda husogea pia. Katika Bonde la Ufa ganda linaachana milimeta chache kwa mwaka. Mawe huvutwa miaka mingi, kisha hukatika ghafla. Hilo ndilo tetemeko.

Siku na saa yake hakuna awezaye kutaja. Lakini nyumba yenye msingi imara na lenta iliyozunguka kuta zote haianguki upesi. Fundi akikuambia lenta ya juu ya mlango peke yake yatosha, mwambie aizungushe nyumba nzima.