Saa ya Dawa Ikawa Saa ya Sala

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walibainika mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Huku Kanyigo, karibu na mpaka wa Uganda, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani enzi hizo. Uliwachukua zaidi wazazi vijana. Kaka yangu tulimzika mwaka 2003, mkewe akamfuata miaka miwili baadaye, nami nikabaki na watoto wao watatu. Wavulana wawili walikuwa salama. Kitinda mimba, binti wa miaka mitatu, alikuwa na virusi.

Kanisani watu huniuliza imani ya kuwalea niliipata wapi, nao hutarajia niwasimulie maono. Sikuona maono. Baada ya maziko yale moyo ulikauka. Nilikaa ibadani bila neno la kumwambia Mungu. Kilichonirudisha kwake ni dawa.

Serikali ilikuwa imeanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004. Binti akaandikishwa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na virusi, akapewa dawa ya maji ya kunywa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Muuguzi hakunitisha, alinielewesha. Virusi havipumziki, alisema, vinazaliana muda wote, na dawa huvizuia mradi kiwango chake kisishuke mwilini. Ukiruka dozi, vinapata nafasi. Vile vilivyojibadilisha hata dawa isiviweze ndivyo vinavyobaki na kuongezeka. Huo ndio usugu, na siku zile dawa mbadala za watoto zilikuwa chache mno. Kwa hiyo mvua inyeshe, msiba uwe umelala nyumbani, saa mbili ni saa mbili.

Dawa ilikuwa chungu, binti akilia, kaka zake wakisogea kumbembeleza. Akishameza, sote tumekwisha kukusanyika. Nikaanza kusali pale pale, Baba Yetu tu, kwa kuwa sikuwa na zaidi. Baada ya muda wavulana wakaanza kuongeza maombi yao: viatu, mtihani, mama. Sikuwa na imani kubwa ila nilikuwa na saa ambayo sikuweza kuikwepa, na imani ikarudi humo, kidogo kidogo. Mlezi aliyechoka namwambia asingoje moyo upate nguvu ndipo asali. Ashike kazi moja isiyoahirishika, aombe akiwa kwenye kazi hiyo.

Jaribu lililonichosha kuliko ugonjwa lilikuwa kibanja. Matanga hayajaanuliwa, ndugu mmoja wa ukoo akasema watoto wahame, shamba ni la ukoo. Kwetu Wahaya kibanja ndicho chakula na ndicho fedha: ndizi za kula, buni za kuuza kwa ajili ya ada. Na makaburi ya wazazi wao yamo humo humo. Katekista alinishika mkono tukaanza safari ya makaratasi: vyeti vya vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Shauri liliahirishwa mara nyingi. Wapo walioniambia mwanamke hana sauti katika ardhi ya ukoo, hali mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikwisha amua kesi ya Holaria Pastory, Mhaya mwenzetu, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi sawa na mwanamume. Kibanja kilibaki cha watoto. Siku hizi ipo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake aliyefariki. Walezi wengi hawajaisikia, nami hilo linaniuma.

Majaribu hayakuishia hapo: mnyauko wa migomba ulikuja, tukang'oa mashina. Tetemeko la 10 Septemba 2016 likapasua ukuta wa nyumba, tukaujenga tena.

Swali gumu lilitoka kwa binti mwenyewe. Alipofika miaka tisa aliuliza, "Shangazi, mbona kaka hawanywi dawa?" CTC walikuwa wamenifundisha kwamba mtoto huambiwa hatua kwa hatua, kwa maneno ya umri wake, wala hadanganywi kuwa ni dawa ya kifua, maana akigundua uongo huacha dawa na huacha kukuamini. Nikamwambia ana vijidudu kwenye damu ambavyo dawa inavilaza. Alipofika miaka kumi na miwili nikautaja ugonjwa kwa jina lake, muuguzi akiwapo. Akauliza kama mama yake alijua. Akauliza kama ni Mungu aliyempa. Nikasema hapana, Mungu hakukupa. Sikuwa na maelezo zaidi, na hadi leo sina. Usiku ule, saa mbili ilipofika, alichukua dawa mwenyewe, kisha akatuongoza kusali.

Sasa ni fundi cherehani Bukoba mjini. Anameza kidonge kimoja kwa siku, na virusi havionekani kwenye kipimo. Mtu aliyefikia hapo na kuendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Majirani waliomtengea kikombe zamani wanapaswa kulijua hilo.

Nawe msomaji, penye watoto waliofiwa karibu nawe, usiishie kupeleka unga siku ya msiba. Msindikize mlezi mahakamani, mshikie mtoto siku ya kliniki. Ukiona mtoto ananyanyaswa au ananyang'anywa mali, mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kuipiga ni bure.