MZIGO MZITO MPE MNYAMWEZI: GESI YA NAITRASI NA VYUMA VYA GARI

Tunapozungumza juu ya magari ya mashindano, sifa zote huiendea injini. Ati likitiwa naitrasi oksaidi, gari huruka kama risasi! Ni kweli, lakini je, nguvu hiyo yapitia wapi hadi ifike kwenye magurudumu?

Gesi hii hubebwa ndani ya mtungi. Ikipata joto la injini hutengana na kutoa oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Gesi hii ikitengana, oksijeni ni theluthi nzima. Basi petroli nyingi zaidi huchomeka, na nguvu huja ghafla, si polepole.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme injini huzungusha kwa nguvu ya Nm 300, na gesi ikaongeza 150. Jumla ni 450. Gia ya kwanza huzidisha mara 3, difu nayo mara 4. Kwa hivyo zile 150 za gesi, zikifika nyuma, zimekuwa 1,800! Vyuma vilivyozoea 3,600 sasa vyabeba 5,400.

Tuchague nini? Kwanza klachi yenye springi kali, kwani ikiteleza, sehemu ya nguvu huishia kuwa joto. Lakini angalieni: klachi isiyoteleza hupeleka kishindo chote kwa giaboksi, propela shafti, difu na hafu-shafti. Ukibadilisha klachi peke yake, umehamisha tu mahali pa kuvunjika.

Kwa shafti, unene ni jambo kubwa. Ikitoka milimita 25 hadi 30, chuma kikiwa kilekile, nguvu yake haiongezeki kwa 1.2 bali 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani mara 1.73. Ndiyo sababu huko Marekani wengi hupenda difu ya Ford ya inchi 9, iliyoanza kuundwa 1957, na huitia hafu-shafti nene za meno 31 au 35 badala ya 28.

Tena si mchezo. Propela shafti ikikatika mbele gari likiwa kasi, yaweza kutoboa sakafu na kumfikia dereva. Kwa hiyo hufungwa pete ya chuma ya kuizuia.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kununua mtungi, nunueni vyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa si guu tu, ni difu pia!